Mwalimu wa Mwaka Mmoja

Mwalimu hakujua gavana wa Minnesota, jimbo la Marekani tulilokuwa tukiishi, ni nani. Nilimuuliza siku moja tukingoja mashine za kufulia zimalize, akapapasa mawazo yake kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, kisha akasema, "Huyu wa sasa?" Lakini ungemuuliza nani alikuwa akitawala wapi mwaka 1415, angekueleza mpaka nguo zikauke. Angekwambia mfalme wa Uingereza alivuka bahari na askari wa namna gani, malkia wa Ureno alifariki kwa ugonjwa gani, na sultani wa Malindi alimpelekea mfalme wa Wachina mnyama yupi.

Sikuwahi kumuuliza alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Alikuwa Mkenya, alikuwa amewahi kufundisha historia sekondari, na alikuja kusoma shahada ya juu katika chuo kikuu cha hapa, shahada ambayo hakuimaliza. Katika miaka ile ya tisini alikuwa akifundisha kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja katika chuo kidogo cha mji wa Saint Paul. Mimi nilikuwa nesi, Mtanzania, mama wa binti mmoja, ninaishi Hopkins katika yale maghorofa ya zamani ya matofali ambako kila mlango wa tatu ulitoa harufu ya kitunguu cha nyumbani.

Aliingia maishani mwetu kwa sababu ya watoto. Watoto wetu walikuwa wanaelewa Kiswahili vizuri, lakini ukiwasemesha wanakujibu Kiingereza. Akina mama tukakubaliana kumtafuta mtu wa kuwafundisha Jumamosi katika kile chumba cha chini karibu na mashine za kufulia. Tukamwomba Mwalimu awafundishe Kiswahili. Akakubali, akaja, akawafundisha mwaka 1415.

"Kwa Kiswahili," alijitetea nilipomhoji. "Wanajifunza kwa Kiswahili, Mama Rehema. Ulitaka niwafundishe 'huyu ni paka, huyu ni mbuzi'? Wana miaka kumi."

Kila mtoto alipewa mtawala. Sharti lake lilikuwa kwamba mfalme hutoa amri kwa Kiswahili tu. Mfalme akitaka maji kwa Kiingereza, na afe kiu. Binti yangu Rehema alikuwa sultani wa Malindi, na kwa wiki nzima nyumbani kwangu hapakuzungumzwa jambo jingine ila jinsi ya kumsafirisha twiga baharini: atakula nini, atalala vipi, shingo itapita wapi dhoruba ikija. Kijana mmoja mnene, mtoto wa fundi magari, alikuwa mfalme wa Uingereza, akaambiwa nusu ya askari wake wanaharisha na hawawezi kusimama vizuri. Alifurahi kupita kiasi. Watoto watatu walikuwa mapapa, kwa sababu mwaka ule Kanisa lilikuwa na watu watatu kila mmoja akidai yeye ndiye papa, na hao watatu waligombana kwa Kiswahili kizuri kuliko chochote nilichowahi kukisikia kutoka vinywani mwao.

Mwezi Machi theluji ilipoanza kuyeyuka aliwatoa nje, nyuma ya jengo, pale ambapo magari ya kusukuma theluji yalikuwa yamevuruga nyasi zote. Akawaambia wavae majaketi mawili mawili, wabebe mikoba yao ya shule mgongoni na mbele, kisha wakimbie kutoka uzio mmoja hadi mwingine katika lile tope. Walianguka, wakaangukiana, mtoto mmoja akaacha buti lake ndani ya matope. "Sasa mmejua," aliwaambia, "kwa nini mashujaa wa Ufaransa, na vyuma vizito mwilini, walishindwa na Waingereza wachache wenye njaa." Akina mama tuliteremka kwa hasira. Jirani yetu Mkongo alimwambia, "Mwalimu, pardon, lakini nguo hizi utafua wewe." Na kweli alizifua. Jumapili nzima alikaa kule chini na tai yake shingoni, akibadilisha mzigo baada ya mzigo.

Tai hiyo aliivaa daima. Alikuwa mtu wa adabu kubwa na chakula kidogo. Hakujua kuendesha gari, na akipanda gari lako alikaa amenyooka kama yuko mbele ya hakimu. Alikuwa na woga mmoja niliouona mapema bila kuuelewa: gari la polisi likipita taratibu barabarani, alisimama palepale alipo, mikono nje ya mifuko, mpaka lipotee. Nilidhani ni mambo ya makaratasi. Lakini makaratasi yake yalikuwa sawa kuliko ya wengi wetu.

Jambo la pili ni kwamba historia yote alikuwa ameitupa isipokuwa mwaka mmoja, na habari za dunia hakutaka hata kuzisikia. Miaka ile televisheni ilikuwa imejaa habari za vita na wakimbizi, nyingi kutoka kwetu Afrika. Nikiwasha, aligeuza kiti. Nilimkaripia mara moja: mtu wa historia anawezaje kutojali? Akanijibu kwa upole, "Wale wa mwaka wangu wamekufa wote, Mama Rehema. Waliokosa na waliokosewa. Hakuna anayeweza kubisha hodi."

Na jambo la tatu, ambalo lilinikera kuliko yote: Mwalimu hakuwa tayari kumwahidi mtu kitu chochote. Ukimuuliza, "Jumamosi utakuja?" anakujibu, "Nina nia." Hakusema "usijali". Hakusema "hakuna neno". Rehema alipokuwa akisubiri kufanyiwa upasuaji wa mafindofindo, amelala na gauni la hospitali lenye michoro ya dubu, alimshika Mwalimu kidole akamuuliza, kwa Kiswahili ili amfurahishe, "Mwalimu, nitaamka?"

Mwalimu akasema, "Sijui, mwanangu."

Nilimvuta kwenye korido. "Una wazimu? Kuna ubaya gani kumwambia mtoto ataamka?"

"Mwambie wewe," alisema. Uso wake ulikuwa umekauka. "Wewe ni mama yake, na ni nesi. Mimi nikisema nitakuwa nimesema."

Nilimwambia aende zake. Hakwenda. Alikaa kwenye kiti cha plastiki cha korido hiyo hadi Rehema alipoamka na kuomba barafu ya kulamba, na hata hapo alichungulia tu mlangoni, akaitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta basi la Saint Paul.

Katika ule mwaka wake kulikuwa na sehemu moja aliyoipita haraka. Ni habari ya mji mmoja wa Wajerumani kando ya ziwa, ambako wakuu wa Kanisa walikutana kumaliza ule ugomvi wa mapapa. Kulikuwa na mhubiri wa Bohemia aliyekuwa akisema mambo wasiyoyapenda. Walimwita aje ajieleze. Mfalme mmoja mkubwa akampa neno lake kwamba atasafiri salama. Mhubiri akaja. Wakamfunga, na kiangazi cha mwaka ule wakamchoma moto. Mwalimu aliieleza habari hiyo kwa sentensi chache tu, kisha akarudi kwa twiga.

Lakini watoto hawasahau. Jumamosi moja binti wa yule jirani yetu Mkongo, msichana mkali wa miaka kumi na mmoja, alilalamika kwamba kila mtu ana mfalme na yeye ana papa wa tatu tu ambaye hakuna anayemsikiliza. "Mimi nataka yule aliyetoa neno lake," alisema. "Yule wa mhubiri."

"Huyo hapana."

"Kwa nini?"

"Huyo ni mimi," Mwalimu alisema.

Nilikuwa mlangoni na kapu langu la nguo, kwa hiyo niliona. Watoto walifurahi kwamba hatimaye Mwalimu anacheza. Wakamtaka atoe amri. Mmoja akajitolea kuwa mhubiri, akapiga magoti, akauliza, "Mfalme, nikija watanifanya nini?" Mwalimu akanyoosha mkono juu ya kichwa cha mtoto yule. Akasema, "Njoo. Utafika salama, utarudi salama. Nakuambia mimi." Kisha mkono ukabaki pale hewani. Watoto walingoja. Akauteremsha, akatoka, akapita karibu nami bila kuniona, akaenda kusimama nje kwenye maegesho ya magari bila koti, na siku hiyo pua ilikuwa inauma kwa baridi ukivuta pumzi mara moja tu.

Nilimpelekea koti. Halafu nikasema nitamrudisha kwake kwa gari, na njiani, barabara ikiwa imejaa magari yanayotambaa kwa sababu ya barafu, alinieleza.

Shule yake ilikuwa ya bweni, ya wavulana, magharibi ya Kenya. Kulikuwa na mgomo. Madirisha yalivunjwa, na watu wa serikali wakataka majina, kwa kuwa wakati ule mgomo wa wanafunzi haukuitwa utoto. Kijana aliyesemekana kuwaongoza wenzake, Wafula, alikimbilia kwao. Mkuu wa shule akamwita Mwalimu ofisini. Akamwambia, wewe vijana wanakupenda, nenda ukamlete huyo Wafula, atapewa adhabu ndogo ya shule na atafanya mtihani wake. Mwalimu akaenda kwa miguu hadi kwa akina Wafula. Mama yake, mjane, alimchinjia kuku. Kijana hakutaka kutoka. Mwalimu akasema mbele ya mama, "Njoo twende. Ukiwa na mimi hakuna atakayekugusa."

"Gari la polisi lilikuwa kwenye geti la shule," aliniambia. "Kijana alinitazama. Nilitazama viatu vyangu. Alifungwa, Mama Rehema. Mtoto wa shule. Hakufanya mtihani."

"Ulidanganywa," nilisema.

"Hicho ndicho nilichojiambia mimi pia."

Nilikaza macho kwenye taa za gari la mbele. Kisha nikamuuliza swali ambalo nisingeliuliza kama tungekuwa tunatazamana. "Ulijua?"

"Sikujua," alisema. "Sikuuliza."

Mwaka uliofuata, shule ilipotakiwa kupendekeza mwalimu wa kwenda kusoma Marekani, mkuu alimpendekeza yeye. Alifika Minneapolis wakati wa baridi, akaingia maktaba, na katika kusoma-soma akakutana na yule mfalme na yule mhubiri. Alianza kutafuta siku ile ya moto watu wengine duniani walikuwa wakifanya nini. "Kuna waliokuwa wanapeleka twiga," alisema, akageukia dirisha. "Kuna malkia aliyekuwa anakufa na wanawe wanapakia meli. Nilitaka kuona kama kuna mtu yeyote aliyeacha shughuli zake akasimama. Hakuna aliyesimama."

Baada ya hapo nilimwelewa, na nadhani nilimpenda zaidi, lakini pia nilianza kufanya kosa la watu wanaopewa siri nzito: nilianza kujiona kama ni kazi yangu kumtua mzigo.

Nafasi ilikuja yenyewe. Mwishoni mwa miaka ile Wakenya waliongezeka sana mjini, wengi wakifanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee. Katika kanisa moja ambalo Mkenya mmoja niliyefanya naye kazi hospitalini alinialika, nilikaa meza moja na mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mchangamfu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika kutoka nyumbani na anafanya shifti mbili huko Bloomington. Alitaja shule yake. Alitaja jina lake. Lilikuwa Wafula.

Nikamtajia Mwalimu. Wafula aliinuka kitini kabisa. "Weh! Yuko hapa? Huyo mwalimu yuko hapa hapa Minnesota? Haki, dada, nipeleke. Huyo ndiye mwalimu pekee aliyetupenda. Siku off yangu ni Sunday, nita-drive mimi mwenyewe popote."

Alikuwa anacheka. Nami kwa kuona anacheka, nikaridhika. Nilijiambia kwamba amesamehe zamani, kwamba Mungu ametengeneza jambo, na sikumuuliza neno jingine. Leo nikikumbuka ninaona kwamba swali moja dogo lingetosha.

Nilimpigia Mwalimu simu. Nikamwambia Wafula yupo. 

"Anajua nipo?"

"Anajua. Amefurahi sana. Anasema wewe ndiye mwalimu pekee aliyewapenda."

"Basi hajui," Mwalimu alisema.

Lakini Jumapili iliyofuata alikuja nyumbani kwangu. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwangu kuwaona wote wawili katika chumba kimoja. Haukupita muda Mwalimu alipata kazi jimbo jingine akahama, na darasa la Jumamosi likavunjika kama yanavyovunjika mambo mengi yanayomtegemea mtu mmoja. Kwa hiyo ninayosimulia sasa ndiyo ya mwisho ninayoyajua.

Wafula alimkumbatia mlangoni hadi miwani ya Mwalimu ikapinda. Alimwita baba. Nikawawekea chai na mandazi sebuleni, nikataka kuwaacha, lakini Mwalimu akasema, "Kaa, Mama Rehema," kwa namna ambayo nilikaa. Wafula alizungumza peke yake kwa muda mrefu. Alisimulia jela kama mtu anayesimulia safari mbaya. Mama yake alifariki yeye akiwa ndani, hakumzika. Alipotoka, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda nyumbani kwa mwalimu wa hesabu.

"Unamkumbuka, Mwalimu? Yule mrefu. Nilimwona kwa macho yangu, amesimama gate na mapolisi, anaongea nao. Yeye ndiye alitu-sell. Wewe umetoka kwetu na roho safi, yeye amekuwekea mtego. Nilimtukana mbele ya watoto wake. Nilimwambia kila kitu. Hakujibu hata neno moja. Sijutii."

Mwalimu aliweka kikombe chini.

"Wafula," alisema, "mwalimu wa hesabu hakukuuza. Alikwenda getini kuwaomba wakuache ufanye mtihani kwanza. Nilimsikia akiwaomba. Muhula uliofuata alihamishwa kwa sababu ya maneno hayo."

Wafula alitabasamu bado, kwa mazoea tu. "Sasa nani?"

"Mimi ndiye niliyekuleta."

"Wewe walikudanganya."

"Ilikuwa rahisi kunidanganya. Mkuu aliponiambia kwamba utasamehewa, alikuwa anatazama dirishani. Niliona kwamba anatazama dirishani. Ningemuuliza mara moja tu, 'Kweli?' ningejua. Sikuuliza, kwa sababu nilipenda kuwa yule ambaye vijana wanamsikiliza. Halafu wakanipa nafasi ya kuja huku. Hapo pia sikuuliza kwa nini mimi."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya kama ulivyofanya wa Wafula. Haukukunjamana wala kulia. Ulizeeka tu, polepole, pale kwenye kochi langu.

"Amekufa," Wafula alisema. "Yule wa hesabu. Mwaka juzi."

Mwalimu alifumba macho.

"Amekufa akijua mimi naamini ni yeye. Na wewe ulikuwa huku." Akasimama. "Kwa nini unaniambia? Nilikuwa na mtu mmoja tu, Mwalimu. Katika mambo yote yale nilikuwa na mtu mmoja mzuri wa kukumbuka. Ungeniacha tu na huyo."

"Nilitaka kukuacha naye," Mwalimu alisema. "Nilikuja nikiwa na nia hiyo. Lakini yule wa hesabu ameacha watoto waliosikia ukimtukana."

Wafula alivaa jaketi lake, akafunga zipu mpaka kidevuni. Akavaa buti bila kufunga kamba. Mimi nilibaki nimekaa na mikono mapajani, nikijua kwamba ni mimi niliyewakutanisha, na kwamba hakuna neno langu lingeweza kuokota chochote. Akashika kitasa. Hakufungua. Alisema akiuelekea mlango:

"Siku ile tukitoka kwetu, mimi nilitangulia. Nilikuwa karibu kulia na sikutaka mnione, kwa hivyo sikugeuka. Sikumwona mama tena. Wewe ulibaki nyuma naye."

"Nilibaki kidogo."

"Alikuwa anafanya nini?"

Mwalimu alinyanyuka, akakaribia hatua mbili tatu, akasimama katikati ya sebule na mikono yake nje ya mifuko.

"Alinishika mkono wa shati," alisema. "Alikuwa amevaa kitambaa cha njano kichwani. Akaniambia, 'Mwalimu, huyu akilala hutupa blanketi. Mwambie mwenzake wa kitanda cha karibu amfunike.' Nikamjibu, nitamwambia."

"Ukamwambia?"

"Hukulala bwenini usiku ule."

Wafula aliachia kitasa. Alirudi akakaa ukingoni mwa kiti kilicho karibu na mlango, na jaketi lake, na kamba za buti zimelegea sakafuni. Hakumtazama Mwalimu. "Halafu?"

"Halafu akakuita. Ulikuwa umefika mbali, hukusikia."

"Aliniita vipi?"

Mwalimu alilitaja jina. Halikuwa Wafula. Lilikuwa jina la nyumbani, la utotoni, ambalo katika Marekani nzima hapakuwa na mwingine wa kulijua, na sitaliandika hapa kwa sababu si langu. Alilitamka kwa sauti ya chini, akilivuta mwishoni kama mama anavyoita mtoto aliye upande wa pili wa shamba.

Wafula aliinamisha kichwa.

"Sema tena," alisema.